Bwana Stempu na Asali ya Juu ya Kabati

Viongozi wa dini, majirani, mliofanya kazi na marehemu, ndugu na jamaa, na nyinyi mliosimama nje kwa kukosa viti, poleni na msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa mwisho kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nilifundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, na sauti yangu inafika nyuma bila kipaza sauti. Familia iliniomba nisome kwa ufupi, lakini wifi yangu, ambaye ndiye mjane wa marehemu, ameniomba nisome yote, hata yale ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza, na katika hili nimeamua kumsikiliza yeye. Kwa hiyo anayenong'ona naomba anyamaze, maana baadhi ya nitakayosoma yanawahusu walionong'ona.

Marehemu kaka yetu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa baba aliyekuwa fundi seremala na mama aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni pa mashine hiyo. Mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema, na alipoanza kusema akaonekana kama anajutia, kwa kuwa kila neno alilipima kwanza. Marehemu akiwa na umri wa miaka saba, kaka mkubwa alivunja kioo cha dirisha la mashine kwa mpira wa makaratasi, na baba alipowapanga watoto ukutani kuuliza nani kavunja, huyu marehemu aliyeona kila kitu akafunga mdomo, akachapwa yeye, akalala bila kula, na asubuhi yake kaka mkubwa alipoungama mwenyewe, marehemu alimkasirikia kwa kuwa kipigo chake kilikuwa kimepotea bure. Hiyo ndiyo tabia tuliyozaliwa nayo nyumba moja, na ninaitaja mapema ili msije mkasema baadaye kwamba hamkuonywa.

Alianza masomo ya msingi mwezi Januari 1959 katika shule iliyokuwa karibu na soko la zamani, akaendelea na sekondari kuanzia mwaka 1966 hadi alipohitimu mwezi Novemba 1969, na katika miaka yote hiyo alikuwa kiranja wa darasa, kazi ambayo kwa kweli hakuiweza. Mwalimu akitoka alimwachia kipande cha karatasi aandike wapiga kelele, naye aliandika vizuri kwa mwandiko wake wa kupendeza, lakini mwalimu akirudi alikuta karatasi nyeupe, kwa sababu marehemu alikuwa amewaahidi wenzake kwamba wakinyamaza atafuta, na wao walinyamaza, naye akafuta. Alibaki kiranja kwa sababu darasa lake lilikuwa kimya kuliko yote, na walimu hawakuwahi kuelewa sababu.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa posta, katika chumba cha kupangia barua, na humo ndimo alimomaliza utumishi wake wote. Waliofanya kazi naye, ambao nawaona safu ya tatu pale, wanakikumbuka chumba hicho, na meza ndefu yenye bati juu, na vishubaka vya mbao ukuta mzima, na harufu ya gundi, na lile dirisha la nondo ambalo halikufunguka hata siku moja. Siku ya kwanza kazini kila mwajiriwa aliapishwa kwamba hatasema wala hatatumia kwa faida yake jambo lolote atakaloliona juu ya barua au kifurushi cha mtu. Wengine waliapa, wakatoka, wakaenda kunywa chai. Kaka yangu aliapa na kiapo kikamwingia kwenye mifupa, akawa hawezi kukuambia hata kama mvua imenyesha upande wa posta.

Mimi mwenyewe nina ushahidi. Mwaka 1979 nilikuwa nikisubiri barua ya kuitwa chuo cha ualimu, siku ya Ijumaa barua hiyo ikapita mikononi mwake, akaliona jina langu na mhuri wa chuo, akaiweka kwenye kishubaka cha sanduku letu, akarudi nyumbani, akakaa mezani na mimi nikilia mbele yake kwamba nimekosa, akanipa kitambaa chake nifute machozi, akanyamaza. Jumatatu sanduku lilipofunguliwa nikajua kwamba alijua, na nilipomuuliza una moyo wa aina gani wewe, alinijibu kwamba ile haikuwa barua yake. Hapo ndipo nilipomwita Bwana Stempu kwa hasira, na jina likamganda mpaka leo, nyinyi mkilitumia kwa mapenzi, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kulitumia kwa mapenzi hata mara moja.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, mshonaji wa sare za shule ambaye wengi wenu amewavalisha nyinyi na watoto wenu. Sisi wa nyumbani tulijua habari za harusi ikiwa imebaki wiki mbili, tukauliza mbona hukusema, akasema hamkuuliza. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1977 ambaye ni muuguzi, wa pili mvulana aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1980 ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba, binti aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1985, ambaye ni mhasibu, na wote wako hapa pamoja na wajukuu. Walikuwa mume na mke waliopatana, hilo nalisema bila kutia chumvi, yeye akimsomea gazeti mkewe wakati mkewe anapiga cherehani, na mkewe akimkatia nywele uani kila mwisho wa mwezi.

Alistaafu tarehe 31 Agosti 2006. Na hapa, ndugu zangu, ndipo tunapofika kwenye asali.

Mwezi Machi mwaka uliofuata, siku ya Jumamosi, marehemu aliondoka nyumbani na baiskeli asubuhi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akarudi jioni na ndoo ya asali. Haikuwa asali ya dukani ile inayong'aa na kumiminika kama maji, ilikuwa asali mbichi, nzito, haijapita motoni, imechujwa kwa kitambaa tu, na ndani yake mna vipande vya nta. Akawagawia majirani wa kulia na kushoto kwa bei ileile aliyonunulia, na tangu siku hiyo mtaa huu haukununua asali dukani tena. Mlianza kumletea chupa zenu tupu, mmezibandika plasta yenye jina la nyumba, naye alizipokea moja moja, akiingiza kidole ndani kukagua, na ikiwa na unyevu anakurudisha nayo kwako ukaianike, kwa sababu asali mbichi ikikutana na maji inachacha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alirudishwa na chupa yake, mwalimu mkuu alirudishwa kwa kuwa yake ilinuka kachumbari, na mimi dada yake nilirudishwa, nikanuna wiki nzima.

Kisha asali ikaganda, kama asali yoyote ya kweli inavyoganda kukiwa na baridi, na mkamletea tena chupa mkisema ameuziwa sukari. Kila mwaka mlisema hivyo, na kila mwaka aliwatolea beseni la maji ya uvuguvugu, akaiweka chupa humo, akakaa nayo kwenye kibaraza mpaka ilainike, huku anawaeleza kwamba isingeganda ndipo mngekuwa na sababu ya kulalamika. Alieleza kwa upole. Mimi ningewamwagia hayo maji.

Lakini alikotoa asali hiyo hakumwambia mtu. Tulijua ni shamba dogo la familia fulani, kwa kuwa aliwahi kusema "wale wenye shamba," na basi. Mwenye mgahawa alimuuliza akitaka kuchukua ndoo nyingi, hakuambiwa. Daktari wa meno alimuuliza, hakuambiwa. Na wakati huohuo alizidi kwenda, si msimu wa kuvuna tu, bali Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mwanzo kwa baiskeli, baadaye magoti yalipochoka kwa basi, daima na shati jeupe lililopigwa pasi, na daima akirudi ananuka moshi. Mwaka mmoja alirudi mdomo wa juu umevimba kama andazi, akasema nyuki, mtaa mzima ukacheka.

Sasa niseme lile mlilokuwa mkilisema. Mlisema Bwana Stempu ana nyumba nyingine. Mlisema mwanamume mstaafu hapigi pasi shati jeupe kwenda kununua asali, na kwamba moshi ule ni wa jiko la mwanamke. Mlilisema saluni, mlilisema kwenye foleni ya maji, mlilisema mkiwa mmeshika vijiko vyenye asali yake, mkilamba na kusengenya kwa mdomo uleule. Na kwa kuwa umbea hauna mlango, lilifika jikoni kwa wifi yangu, likakaa.

Yeye wifi alikuwa ameuliza mwenyewe kabla yenu. Ile Jumamosi ya kwanza mumewe alimletea chupa yake peke yake, iliyochaguliwa, asali nyeupe kuliko ya wengine na sega limesimama ndani yake, akamwekea juu ya cherehani. Wifi akauliza, "Umeitoa kwa nani?" Na marehemu, katika maneno yote ambayo mume anaweza kumwambia mke, akachagua haya: "Hilo siwezi kusema."

Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na sijakutana na jibu baya kuliko hilo. Wifi aliichukua chupa, akapanda kiti, akaiweka juu ya kabati la jikoni bila kuifungua. Msimu uliofuata akaletewa nyingine, akaipandisha juu. Ikawa hivyo kila mvuno, mpaka kabati likajaa akaanza safu ya pili, na tangu mwaka 2007 wifi yangu hajaweka tone la asali ile mdomoni mwake, anakunywa chai ya sukari katika nyumba inayolisha mtaa mzima asali. Hakuuliza tena. Juzi ameniambia kwa nini hakuuliza tena. Aliogopa kwamba safari hii angejibiwa.

Na marehemu aliziona zile chupa, alikuwa anazipangusa vumbi kila Jumapili. Naomba mnielewe ninapowaambia kwamba nimeudhika, kwa maana nilikuwa nikiingia jikoni mle kila wiki, nikiwaona watu wawili ninaowapenda wanapishana chini ya kabati lile, mmoja anapangusa na mwingine anageuza uso, na nikimuuliza kaka anasema mambo ni sawa, nikimuuliza wifi anasema chai ipo.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Novemba 2022, miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kukata akipanda ngazi mbili tatu. Vipimo vilionyesha kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, akapewa dawa, akakatazwa chumvi na safari, na safari alizipunguza shingo upande, ila ile ya Jumamosi hakuiacha. Tarehe 20 Aprili 2023 hali ilibadilika akalazwa, wodi namba mbili, kitanda cha dirishani. Alipoona Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano inakaribia alimvuta mkewe mkono, akamwomba apige simu aseme kwamba safari hii hatakwenda. Wifi akamuuliza ampigie nani. Marehemu akageuzia uso dirishani, pumzi inamsumbua, akasema, "Mtumaji."

Jina hilo wifi alikuwa analijua. Ndivyo lilivyoandikwa kwenye simu ya mumewe, Mtumaji, na kwa miaka alikuwa akiliona likiwaka na kuzimika mezani, na mumewe akitoka nje kulipokea. Hakupiga. Aliirudisha simu kwenye mkoba wake, akamfunika mumewe shuka, akakaa pembeni yake mpaka jioni, na ananiruhusu niwasomee kwamba alikuwa na hasira kiasi cha kusikia masikio yanapiga.

Marehemu alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, hospitalini, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Kwa kawaida historia ya marehemu inaishia hapo, zinafuata shukrani. Yetu haikuishia hapo. Juzi Alhamisi, sebule imejaa watu, simu ya marehemu ikalia ndani ya mkoba wa wifi, na juu yake limeandikwa Mtumaji. Wanawake waliokuwa karibu waliona. Wifi aliangalia, akaiacha, ikalia tena, akaipokea mbele yetu sote. Sauti ya mwanamke ikasema, "Baba, mbona kimya? Jumamosi tulikusubiri." Wifi akasema, "Mimi ni mkewe. Wewe ni nani?" Na yule mwanamke, bila kusita hata kidogo, akasema kwa furaha kabisa, "Mama watoto! Mimi ndiye wa asali."

Jana mchana walifika, mke na mume, kwenye gari la kubebea mboga. Mke, ambaye huko kwao wanamwita Mama Mizinga, ni mtu mzima kuliko mimi, mikono imekakamaa, na mume wake ni mzee mpole anayetembea kwa fimbo, na walishuka na ndoo ya asali iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Waliomkodolea macho Mama Mizinga wakitafuta huyo mwanamke wa Jumamosi waliona bibi mwenye wajukuu, amemshika mumewe mkono asianguke kwenye ngazi zetu. Wakaketi na wafiwa, wakalia, na walipopata nafasi wifi akauliza swali lilelile la mwaka 2007, akaulizia wamejuana vipi na mumewe.

Mama Mizinga akaeleza. Mwezi Julai 2006, ukiwa umebaki mwezi mmoja marehemu astaafu, yeye Mama Mizinga alituma posta kifurushi cha asali kwa binti yake aliyekuwa akisoma mbali, hakukifunga sawasawa, kikavujia pale pale kwenye meza ya kupangia barua, juu ya barua za watu. Marehemu alikaa mchana kutwa anazifuta kwa kitambaa, moja moja, akakifunga upya kifurushi, na katika kufanya hivyo asali ikamganda vidoleni, akalamba. Na anwani ya mtumaji ilikuwa mbele ya macho yake. Aliisoma, haikumtoka kichwani, na alipostaafu alihangaika nayo kwa miezi mpaka akapanda baiskeli akaifuata.

Alipofika hakuomba asali. Mama Mizinga anasema alisimama nje ya geti na shati lake jeupe, kavua kofia, akaungama. Alisema, "Mama, nilikuwa posta. Mzigo wako ulivuja mikononi mwangu nikaonja, na hapa kwako nimepajua kwa njia ambayo niliapa sitaitumia." Mama Mizinga alicheka mpaka akakiacha kile chombo cha kufukizia nyuki kikaanguka, akamwambia kwa utani, kama mtu anavyomtania mgeni ili aingie ndani, "Basi usimwambie mtu, na mimi simwambii mtu." Akamfungulia geti, akamuuzia ndoo, na jioni ile ile akawa amekwisha kusahau.

Utani wa getini, ndugu zangu. Yeye alisahau kabla ya jua kuzama, na kaka yangu akaubeba hadi wodi namba mbili.

Mama Mizinga alipogundua kwa nini tunamtazama vile alishika kichwa. Alisema kila mvuno asali iliwabakia, walikuwa wakimwomba baba huyu awaletee wateja, aje hata na majirani, naye anatabasamu tu, wakadhani mtaani kwake ndoo yake ile inawatosha. Shati jeupe ni kwa sababu nyuki hawapendi nguo nyeusi. Moshi ni kwa sababu alikuwa ndiye mfukizaji wao, miaka yote hiyo, mtu aliyeishi ndani ya dirisha la nondo sasa anasimama kati ya mizinga na kuzungumza na nyuki, na wao wenye shamba, anasema, aliwasimulia mambo mengi sana. Hilo nalo limeniudhi. Kumbe maneno alikuwa nayo.

Halafu akasema lile ambalo limenifanya nisimame hapa na karatasi ndefu. Akasema kila mvuno, kabla ya kuchuja ya mtu yeyote, marehemu alichagua sega mwenyewe, la kwanza, jeupe, akalisimamisha kwenye chupa kwa mikono yake, akasema hili la mama watoto. Na walipomuuliza kama mama watoto ameipenda ile ya mwisho, aliwajibu kwa majivuno kwamba ameipenda mno, haigusi, anaitunza yote juu ya kabati.

Wifi alisimama, akaenda jikoni, nami nikamfuata nikidhani anakwenda kulia. Alivuta kiti akapanda. Alipitisha mkono nyuma ya safu zote mbili, akatoa chupa ya mwaka ule wa kwanza, asali imeganda kama samli, akashuka, akahangaika na kifuniko, akakigonga kwa mpini wa kisu mpaka kikaachia. Kijiko cha kwanza kilipinda. Akachukua kingine, akachimba, akala amesimama, ameegemea kabati, macho yamefumba. Akakaa nacho mdomoni muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni tamu hivi." Baada ya hapo akasema, si kwangu, "Si ungesema tu, mpumbavu wewe." Ndipo akalia, na sikumzuia.

Aliponyamaza alinitaka niyaandike haya na niyasome leo mbele yenu nyote. Nami naongeza la kwangu. Nina hasira na kaka yangu, nimekuwa nayo tangu mwaka 1979, na sasa imeongezeka, kwa kuwa uaminifu wa mtu huyu ulimtosheleza kila mtu, Mama Mizinga aliyekuwa akitania, na posta ambayo hata barua haina siku hizi, ila haukumtosheleza mwanamke aliyemkata nywele. Nina hasira na nyinyi mliosengenya. Na ninampenda mno, sijui niiweke wapi hasira yenyewe, ndiyo maana naisoma kwa sauti.

Mama Mizinga na mume wake wako hapa, kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Simameni wawaone. Hao ndio Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Anayetaka asali akawaulize njia mwenyewe, watamwambia, haijawahi kuwa siri. Chupa zenu tupu za plasta ziko kibarazani kwa marehemu, kila mtu achukue ya kwake, na mwende nazo zikiwa kavu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, ambao walimgeuza, walimsikiliza kifua na kumvumilia mgonjwa asiyesema anapoumwa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa posta kwa shada na kwa kumbeba. Tunawashukuru majirani kwa turubai, viti, maji na chakula tangu Jumanne, maana ni kweli mlisengenya, na ni kweli vilevile kwamba hamjalala, na yote mawili yameandikwa humu. Tunamshukuru dereva wa gari la mboga. Ambao hatukuwataja si kwa kuwasahau, ni karatasi imekwisha.

Kaka, leo asubuhi kabla hatujatoka wifi amekunywa chai kwa asali, na ameniagiza nikuambie kwamba chupa ya mwaka wa kwanza imefika nusu, na zilizobaki atazila moja moja kwa mpangilio wa miaka, asiharakishwe. Pumzika kwa amani, Bwana Stempu. Kifurushi kimemfikia mwenyewe.